Nani akukosolee picha zako za mitindo na urembo? Njia nne kwa mpiga picha wa Dar es Salaam

Ukiweka picha ya mwanamitindo mtandaoni jioni hii, kabla hujalala utakuwa umeshaandikiwa "kali sana", "umetisha" na alama za moto za kutosha. Watu wanakutia moyo, na moyo unahitajika. Lakini maneno hayo hayakuelezi kwa nini yule mbunifu wa mavazi wa Mikocheni aliiona picha hiyohiyo, akatabasamu, kisha kazi akampa mtu mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jiji hili lina wapiga picha wenye vipaji waliosimama palepale kwa miaka kwa kuwa wamezungukwa na wanaowapenda, na hakuna hata mmoja wa kuwaambia mkono ulipokatwa vibaya na fremu.

Wa kukosoa wapo. Ugumu uko kwenye kuchagua. Kwa mtu mwenye jalada la picha za mitindo na urembo hapa Dar, njia ninazoziona ni nne: mpiga picha mkongwe, mnunuzi wa picha, wapiga picha wenzako, na mhakiki wa mbali anayelipwa kupitia mtandao. Kila mmoja atakuambia kweli, ila ni kweli inayoonekana kutoka pale aliposimama yeye. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuchagua mtu, chagua swali.

Vigezo vya kuwapima

Cha kwanza ni anachokiona. Picha za mitindo na picha za urembo hufanana kwa mbali, lakini kazi ni mbili. Kwenye mitindo nguo ndiyo mwenye shughuli: mkato wake, mshono, kitambaa kinavyoanguka mtu akipiga hatua. Kwenye urembo mwenye shughuli ni mtu: ngozi, macho, mabega, mvuto wake. Gauni lililomezwa nusu na kivuli ni kosa kwenye picha ya mitindo, ilhali kwenye picha ya urembo kivuli hichohicho huenda ndicho kilichoibeba. Mkosoaji asiyejua umekusudia ipi atakukosolea picha ambayo wala hukutaka kuipiga.

Cha pili ni uhuru wake wa kusema kweli. Watu wetu ni waungwana, na mtu mliyekula naye pilau Jumapili hawezi kukuvunja moyo Jumatatu. Cha tatu ni gharama, na hapo hesabu fedha, nauli, bando na muda.

Cha nne wengi hukiruka nami nakipa uzito mkubwa: usalama wa picha na heshima ya aliyepigwa. Dada aliyekubali kupigwa akiwa na vazi la ufukweni kwa ajili ya jalada lako hakukubali picha hiyo izunguke kwenye simu za mtaani kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inajali idhini na lengo la kutumia taarifa za mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kusambaza ponografia kwa njia ya kompyuta, na kwenye urembo mpaka kati ya mvuto na utupu unaweza kusomwa tofauti na kila mtazamaji. Picha za aliye chini ya miaka 18 zisiwemo kabisa kwenye picha zako za urembo.

Cha tano ni kinachobaki mkononi. Mkishaagana, je, unajua utafanya nini kwenye kazi inayofuata? Au kuna mlango umefunguka?

1. Mpiga picha mkongwe

*Anachokiona.* Mwanga, kabla ya kitu kingine chochote. Huyu ndiye atakayepitisha kidole kwenye picha zako za Coco Beach na kugundua kwamba zote ni za jioni, na ndiyo maana kila modo amekunja macho. Ufukwe ule unatazama mashariki. Ukimsimamisha mtu na bahari mgongoni asubuhi, jua linatoka nyuma yake na kumchora nywele na mabega. Jioni jua liko upande wa mjini, linampiga usoni moja kwa moja mpaka lijifiche nyuma ya miti na majengo. Mkongwe amekaa na mwanga huo miaka, halazimiki kuusomea. Anajua pia kwamba Dar, ikiwa karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, ina jua la saa sita lililo juu sana, na kwamba mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba linapita utosini. Hapo macho ya mwanamitindo yanakuwa mashimo, na chini ya pua panakaa kivuli kama sharubu. Hakuna programu ya kuhariri inayolitibu hilo vizuri.

Halafu kuna ngozi. Mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, hujitahidi kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu. Msimamishe dada mweusi mbele ya ukuta mweupe wa Masaki, kamera itapunguza mwanga kwa sababu ya ule ukuta na uso utazama gizani. Mpeleke mbele ya pazia jeusi, itaongeza mwanga na ngozi itapauka kama imepakwa majivu. Waliofanya kazi enzi za filamu walikuwa na kikwazo kingine juu ya hicho. Kadi za mfano ambazo Kodak ilizigawa kwenye maabara ili kusawazisha rangi zilibeba sura za wanawake Wazungu kwa miongo mingi, na zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo mkongwe alijifunza kuitendea haki ngozi nyeusi kwa jicho na mkono wake. Ujuzi huo una thamani kubwa kwa anayepiga picha za urembo, na kwenye masomo ya video ya bure huupati kirahisi, kwa kuwa mengi yametengenezwa kwa ngozi nyingine na anga nyingine.

*Ukweli wake.* Umri na heshima vinamruhusu kusema wazi. Ukiingia na "Shikamoo mzee, naomba uniangalizie picha zangu, uniambie palipoharibika," umeshampa ruhusa. Shida ni ladha yake. Mtu aliyeishi kwa harusi na sherehe za kuagwa kwa bibi harusi amezoea kila uso uwe na nuru na kila anayetazamwa atabasamu. Picha yenye nafasi tupu, au modo aliyegeuza uso akaacha nguo iongee, anaweza kuiona haijakamilika. Msikilize kwenye mwanga bila ubishi. Kwenye mtindo, pima.

*Gharama na muda.* Mara nyingi hakuna bei iliyopangwa. Unalipa kwa mikono: unabeba stendi za taa Jumamosi, na maoni unayapata garini mkirudi kutoka ukumbini. Usimfuate Ijumaa wala Jumamosi ukitegemea utulivu. Katikati ya wiki studio nyingi hupumua.

*Usalama wa picha.* Mzuri kuliko kwa wengine wote. Anatazama, anasema, unafunga jalada lako unaondoka nalo.

*Anamfaa nani.* Yule ambaye picha zake "zinakataa" na hajui kwa nini. Anamfaa pia anayemiliki taa mbili na bado anaziwasha kwa kubahatisha.

2. Mnunuzi wa picha

Hapa nawaweka pamoja mbunifu wa mavazi, mwenye duka la nguo, wakala wa wanamitindo na mtu wa kampuni ya matangazo. Wana shughuli tofauti, lakini wote wanaitazama picha wakijiuliza itawafanyia nini.

*Anachokiona.* Bidhaa yake. Mwenye duka wa Kariakoo hana habari na lenzi uliyotumia. Anaona kwamba kitenge chake cha rangi ya machungwa kimegeuka chekundu, na anajua wateja watakirudisha wakikiona mchana kweupe. Mbunifu anaona pindo lisilopigwa pasi, pini iliyochungulia mgongoni, kifungo kilichofunguka, na anaona kwamba umeukata mkono wa gauni palepale alipoweka ufundi wake wa wiki nzima.

Mfano wangu wa siku zote ni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mpiga picha akigeuza picha kushoto-kulia wakati wa kuhariri ili uso uelekee anakotaka, jina linasomeka kinyumenyume, na mwanamke yeyote wa Ilala ataliona kabla hajamwona modo. Au jina limekatwa katikati na ukingo wa fremu, na maneno yaliyobaki yanasema jambo jingine kabisa. Mkongwe anaweza kulipita hilo akiwa anahangaika na kivuli. Muuza kanga hawezi.

Wakala wa wanamitindo yeye hutazama pengine tofauti. Anataka kuona urefu, mabega, shingo, na ngozi ilivyo bila vipodozi. Jalada lenye picha ishirini za vipodozi vizito halimsaidii hata kama kila moja ni nzuri. Weka picha chache za mwanga wa dirishani, nguo ya kubana isiyo na maua, nywele zimefungwa nyuma, na utaona anavyotulia kuzitazama. Usisahau mavazi ya stara, ambayo yana wateja wengi mjini hapa. Mbunifu wa mabaibui na mitandio atapima kama unajua kuonesha kitambaa cheusi bila kukifanya doa moja lisilo na mkunjo, na kama unajua kumwelekeza modo apendeze bila kulivuruga vazi.

*Ukweli wake.* Mkali, na mara nyingi hautamkwi. Akirudia kuangalia picha moja mara mbili, umeelewa. Akisema "nzuri, tutawasiliana," umeelewa pia. Lazima umsukume kwa upole: "Dada, kama ungekuwa unachagua tatu za kutangazia mavazi yako, ungechukua zipi, na ipi usingeigusa?" Hapo ndipo maneno yenye faida hutoka. Jihadhari na kitu kimoja. Anayesifu kila picha kisha akaomba umpigie mkusanyiko mzima bure "ili ujitangaze" hajakukosoa, amekuajiri bila mshahara. Kazi ya kubadilishana ina mahali pake, hasa unapoanza, lakini iitwe kwa jina lake na makubaliano yaandikwe.

*Gharama na muda.* Fedha hazitoki, ila unatumia nafasi ambayo hairudi kirahisi: mara ya kwanza anayokuona. Ukimpelekea jalada bichi, atakukumbuka hivyo. Angalia na kalenda. Swahili Fashion Week, jukwaa ambalo Mustafa Hassanali alilianzisha hapa Dar mwaka 2008, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka, na wabunifu wanaojiandaa nalo hawana nafsi ya kukaa na jalada la mgeni. Waendee miezi ya katikati, au mambo yakishatulia Januari.

*Usalama wa picha.* Wastani. Hatari kubwa ni picha zako kuonekana kwenye ukurasa wa duka bila jina lako, au za modo kutumika kuuza kitu asichokubali kukiuzia. Acha picha zilizochapwa, au faili ndogo zenye jina lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za picha, lakini kuzuia ni rahisi kuliko kudai.

*Anamfaa nani.* Aliyeiva kiufundi na hapati kazi ya kulipwa.

3. Wapiga picha wenzako

*Anachokiona.* Mambo ya leo: namna ya kuhariri, mapozi yanayotumika sasa, rangi inayopendwa msimu huu. Wenzako ndio wepesi wa kukuambia kwamba ngozi umeisugua kwa kompyuta mpaka vinyweleo vimekwisha na dada anaonekana kama sanamu ya dukani. Wanajua pia ulikotoa wazo, kwa sababu na wao wameliona hukohuko. Udhaifu wao unatokana na jambo hilohilo. Mmejifunza kwa video zilezile, mnapiga maghorofani Posta kwenye kona zilezile, kwa hiyo kosa la wote hakuna wa kuliona.

Ndiyo maana napenda mduara wa wenzako uwe na wasio wapiga picha. Mwite mpambaji. Yeye ataona kwamba rangi ya shingo haifanani na ya uso, na atakueleza kama ni vipodozi au ni taa yako. Mwite modo mmoja mzoefu, akuambie ni pozi gani lilimuumiza kiuno na limeonekana usoni.

*Ukweli wake.* Mduara ukiachiwa wenyewe, huwa ni soko la kusifiana: nisifu nikusifu. Au unageuka ushindani, mtu anaponda picha ili kuponda mtu. Utaratibu ndio unaotibu. Picha ziwekwe bila jina la mpigaji, mwenye picha akae kimya mpaka wengine wamalize, na kila anayesema aanze na anachokiona kabla ya kusema anachokipenda. Kundi linaloshika kanuni hizo kwa dhati linaweza kukufundisha haraka kuliko mtu mmoja yeyote. Nimependa siku zote mikutano ya ana kwa ana kuliko ya simu. Sehemu kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, penye studio za wasanii na maonesho, zinakukutanisha na wachoraji na wachongaji, na jicho la mchoraji kwenye mpangilio wa picha halikwepeshi.

*Gharama na muda.* Ndogo. Nauli, chai, bando. Mkilazimika kutumiana kwa WhatsApp, tuma faili kama waraka, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na wenzako watakosoa ukungu ambao haukuwepo.

*Usalama wa picha.* Dhaifu kuliko kwingine. Kundi la simu lenye watu hamsini halina siri. Picha inahamishwa, inapigwa skrini, na kesho iko kwa mjomba wa modo. Za mitindo unaweza kuzipeleka kundini. Za urembo zioneshwe kwenye skrini yako mwenyewe, mkiwa mmekaa pamoja, na modo awe ameridhia.

*Anamfaa nani.* Anayepiga picha kila wiki na anahitaji maoni ya mara kwa mara, madogomadogo, yasiyosubiri miadi.

4. Mhakiki wa mbali

*Anachokiona.* Jalada zima. Wengine watatu hukosoa picha mojamoja, huyu huuliza hizi picha zinakaaje pamoja, ipi ianze, ipi imerudia iliyotangulia, na ni kitu gani humu ambacho mpiga picha mwingine asingeweza kukifanya. Amepitia majalada mengi mno, na kwake picha nzuri tu haitoshi. Tovuti ya LensCulture huuza maoni ya maandishi kutoka kwa wahariri na wasimamizi wa maonesho. Matamasha makubwa kama Rencontres d'Arles la Ufaransa na FotoFest la Houston, Marekani, huandaa vikao ambamo mpiga picha hukaa uso kwa uso na wahakiki mmoja baada ya mwingine. Karibu na nyumbani, Addis Foto Fest la Ethiopia, tamasha alilolianzisha mpiga picha Aida Muluneh mwaka 2010, limewaleta wapiga picha wa Afrika mbele ya macho ya dunia.

Asichokiona ni kingi pia, na ni haki kukisema. Jina la kanga kwake ni urembo wa pindo. Hajui kwamba bahari ile ni ya asubuhi. Wapo watakaokusukuma uongeze "Uafrika", wakimaanisha vumbi, rangi kali na masoko, wakati wewe unapiga mavazi ya ofisini ya wanawake wa Dar. Lakini umbali huo una faida yake. Flaviana Matata alipopanda jukwaa la Miss Universe kwa niaba ya Tanzania mwaka 2007 kule Mexico akiwa na kichwa kilichonyolewa, aliingia kumi bora, na baadaye akafanya kazi ya uanamitindo New York. Fikiria ni studio ngapi ambazo zingemwambia avae wigi kwanza. Wakati mwingine mtu wa mbali ndiye anayekiona kilicho chako ambacho sisi tumekizoea.

*Ukweli wake.* Hana undugu nawe wala hashindani nawe, na hilo linamweka huru. Hata hivyo maoni ya kuandikwa huwa na adabu nyingi, aya ya kwanza sifa, aya ya mwisho kutiwa moyo. Nyama iko katikati, isome pale mara mbili.

*Gharama na muda.* Kubwa kuliko zote. Malipo ni kwa dola na kwa kadi, majibu hayaji siku hiyohiyo, na lazima uandike maelezo ya kazi yako kwa Kiingereza kilichonyooka. Huwezi kumuuliza "hapa ulimaanisha nini?" kama ungemuuliza mtu mliyekaa naye kwenye benchi.

*Usalama wa picha.* Mzuri kwa kiasi, mradi umesoma masharti ya kutumia picha kabla ya kupakia, na idhini ya modo inataja kwamba picha zinaweza kutumwa nje.

*Anamfaa nani.* Mwenye mfululizo wa picha wenye wazo moja, anayetazama maonesho, majarida ya nje au mafunzo. Kwa aliyeanza jana ni fedha nyingi kwa majibu ambayo mkongwe wa Sinza angempa kwa soda.

Jinsi ya kupeleka jalada, kwa yeyote kati yao

Peleka picha 12 hadi 20, zisizidi. Za harusi ziache nyumbani. Mitindo iwe sehemu yake na urembo sehemu yake, kwa sababu nilizozitaja. Chapa angalau chache kwa inchi 8 kwa 10, faili ikiwa na pikseli 2400 kwa 3000 au zaidi. Simu inang'arisha kila kitu na kuficha kila kitu, na Instagram inaishusha picha hadi upana wa pikseli 1080, kwa hiyo karatasi ndiyo itakayokuonesha kama fokasi imelishika jicho au imeishia kwenye kope.

Uliza maswali mawili tu, na yawe ya kwake. Mkongwe muulize kuhusu mwanga, mnunuzi muulize angechagua ipi, wenzako waulize ni wapi jicho lao linakwama, wa mbali muulize ni ipi uitoe. Swali la "unaonaje?" hupata jibu la "nzuri". Ongeza picha moja usiyokuwa na uhakika nayo, uone kama wataigundua wenyewe.

Wakianza kusema, andika. Usieleze kwamba siku ile kulikuwa na upepo au taa ilizimika. Upepo haumo kwenye picha, na kila unapojitetea mkosoaji anapunguza neno moja. Baadaye utakuta wamepingana: mkongwe anasema kivuli kimezidi, mhakiki wa mbali anakipenda kivuli hichohicho. Usihesabu kura. Jiulize picha ile ulikusudia imfikie nani, kisha umsikilize aliye karibu na mtu huyo. Kosa likitajwa na watu wawili wasiofahamiana, lirekebishe kabla ya kumwonesha wa tatu.

Kwa hali yako

Kama una mwaka mmoja au miwili na kamera, na picha zako hazifanani na ulichokiona kichwani, anza kwa mkongwe, na kati ya safari moja na nyingine kaa na wenzako. Mnunuzi msubirishe.

Kama kazi yako inasifiwa na kila mtu lakini simu haiiti, wenzako wameshakupa walichonacho. Chagua wanunuzi watatu wa aina moja, tuseme wabunifu wa vitenge watatu, uwape jalada lilelile na maswali yaleyale. Wa aina tatu tofauti watakuchanganya.

Kama unataka kuhama kutoka harusi kwenda mitindo, mwanga unaujua tayari. Unachokosa ni nguo. Mtafute mbunifu mmoja aliye tayari kukaa nawe mezani, picha kwa picha, hata kama ni kwa kubadilishana na siku moja ya kazi iliyoandikiwa makubaliano.

Kama mkoba ni mwepesi na uko mbali na katikati ya jiji, tuseme Mbagala au Chanika, mduara wa watu wanne wanaokutana mara moja kwa mwezi na kushika kanuni utakufaa zaidi ya kundi kubwa la simu. Mpambaji awe mmoja wa hao wanne.

Kama una mfululizo uliokamilika, umeshaukosolesha hapa nyumbani na kasoro za mwanga zimekwisha, sasa lipia mhakiki wa mbali. Chagua anayefanya kazi na picha za mitindo. Msimamizi wa maonesho ya picha za vita anaweza kuwa bingwa wa kazi yake asikusaidie chochote kwenye yako.

Na kama sehemu kubwa ya jalada lako ni urembo, acha kigezo cha nne kikuamulie. Anza na mtu mmoja, ana kwa ana, kwa picha zilizochapwa. Kabla ya kutoka nyumbani mpigie simu aliyepigwa, umtajie unayekwenda kumwonesha. Akisema hapana kwa picha moja, itoe picha hiyo na uende na zilizobaki.